Somo: kukagua mzigo kabla haujatoka kiwandani (mfano: tochi za wavuvi)

Wenye maduka wengi hapa Lamu tunaagiza tochi za kichwani kutoka China, na tunazikagua zikishafika. Mzigo umeshuka bandari ya Kilindini, Mombasa, umepanda lori hadi Mokowe, umevushwa kwa boti, ndipo katoni ya kwanza inafunguliwa dukani. Muuzaji ameshalipwa zamani. Ukaguzi wa maana ni ule wa kule kiwandani, salio likiwa bado mfukoni mwako.

Hatua ya 1: Andika unachotaka kabla ya kutoa arbuni.
"Tochi nzuri" mkaguzi utakayemtuma kiwandani hawezi kuipima. Andika uwezo wa betri. Betri ya aina ya 18650, hata iliyo bora, ni mAh 3,500 (kipimo cha chaji inayobebwa na betri) au juu yake kidogo. Ukiona 9,900 imeandikwa ubavuni unadanganywa mchana kweupe. Andika iwake saa ngapi kwa mwanga mkali. Andika IPX7, kiwango cha kuzuia maji, yaani izame mita 1 kwa dakika 30 bila kuingiza maji. Muuzaji atakusukumia IP65, lakini hiyo huzuia maji ya kurushiwa tu, na tochi ya mvuvi wa Kizingitini itaanguka majini leo au kesho. Chaja iwe ya volti 240, plagi ya pini tatu za bapa.

Hatua ya 2: Pata sampuli mbili za sawasawa.
Ukiridhika nazo, zitie sahihi. Moja ubaki nayo, nyingine irudi kiwandani mkaguzi alinganishie.

Hatua ya 3: Funga malipo na ripoti ya mkaguzi.
Desturi ni asilimia 30 mwanzo na 70 kabla ya kusafirisha. Mkataba useme ile 70 haitoki mpaka mzigo upite ukaguzi, na kwamba ukaguzi wa marudio unalipwa na kiwanda.

Hatua ya 4: Siku ya ukaguzi.
Mkaguzi aende bidhaa zikiwa zimeisha zote na angalau asilimia 80 zimefungwa. SGS, Bureau Veritas, Intertek na QIMA hufanya kazi hii. Aliyependekezwa na kiwanda mwache. Kwa tochi 1,000, jedwali la ISO 2859-1 (kanuni ya kimataifa ya kuchukua sampuli) kwa kiwango cha kawaida humtaka achukue 80. Ukikubaliana AQL 2.5 (kikomo cha kasoro zinazovumilika), kasoro kubwa 5 zinapita, 6 mzigo unakataliwa. Kasoro ya hatari, kama betri iliyovimba, hata moja haivumiliwi. Katoni achague mwenyewe, za chini na za katikati, asikubali kuletewa.

Kisha mwagize afanye haya huku akirekodi video. Atoe betri, aiweke kwenye mizani: ya kweli hufika gramu 45 hivi, na ikisoma 25 jua kuna kibetri kidogo kimefichwa ndani ya gamba kubwa. Achaji tochi 3, aziwashe, aandike saa zilipozimika. Nyingine 3 azizamishe, azikaushe kwa nje, azifungue, apitishe tishu kwenye mpira wa kuzibia. Tishu ikilowa, IPX7 ya kwenye boksi ni maandishi tu.

Maswali ya wanachama

Swali (Langoni): Mwalimu, cheti cha PVoC cha KEBS (shirika la viwango la Kenya), kile cha kukaguliwa mzigo kabla ya kusafirishwa, si kinatosha?
Jibu: Hakitoshi, ndugu yangu. Kile kinaangalia viwango vya Kenya. Kama uliagiza bluu ukaletewa nyekundu, hakikuhusu. Unahitaji cheti hicho na mkaguzi wako pia.

Swali (Faza): Naagiza tochi 100 tu. Mkaguzi si atakula faida yote?
Jibu: Atakula, dada. Hutoza kwa siku, dola 200 na zaidi. Ungana na wenzio wawili watatu mtumie kiwanda kimoja. Ikishindikana, mwombe wakala anayekupokelea mizigo Guangzhou afungue tochi 20, azipime na akurushie video, na ulipe kupitia mtandao unaoshikilia pesa mpaka uridhike na mzigo.

Swali (Malindi): Mzigo umekataliwa, nao wanasema meli inaondoka Ijumaa. Nifanyeje?
Jibu: Iache iondoke. Wachambue mzigo wote, watoe mbovu, mkaguzi arudi achukue sampuli upya. Picha za "tumesharekebisha" usizilipie.