Gari dogo na mzigo wa shamba: pima kabla hujapakia

Asubuhi moja ya msimu wa machungwa nilimkuta mzee mmoja wa upande wa Mkuzi, hapa Muheza mkoani Tanga, amesimama nyuma ya gari lake dogo, Toyota IST, mikono kiunoni. Viti vya nyuma amevilaza, viroba vimepanda mpaka dari, na matairi ya nyuma yamezama ndani ya bodi kama kuku aliyeatamia mayai. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana shamba. Afadhali umekuja. Nishikie hapa nifunge buti, vimebaki viroba viwili."

Nikamuuliza humo ndani mna kilo ngapi.

"Kilo za nini? Machungwa elfu mbili tu hayo."

Neno hilo "tu" sijalisahau mpaka leo. Mkulima wetu anaijua bei ya chungwa shambani, anaijua bei ya soko la Mgandini, anajua mnunuzi wa Dar es Salaam atatoa shilingi ngapi kwa mia. Lakini uzito wa mzigo anaoutia kwenye gari lake hajaupima hata siku moja. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Gari nalo ni mwenzio, na halina mdomo wa kusema limechoka.

Tulifanya hesabu palepale. Tukachukua machungwa kumi ya wastani, tukayapeleka dukani kwa jirani kwenye mzani, yakaja kilo mbili na chembe. Kwa hiyo mia moja ni kilo 20, elfu moja ni kilo 200, na elfu mbili ni kilo 400. "Mzee, hapa umebeba magunia manne ya mahindi," nikamwambia. Akanyamaza kidogo, halafu akaanza kushusha.

Namba ya gari lako

Magari mengi madogo tunayoendesha yametoka Japani. Huko, uzito wa jumla wa gari la abiria hupatikana kwa kuchukua gari tupu na kuongeza kilo 55 kwa kila mtu linayeruhusiwa kubeba. Gari la watu watano, kama IST, Vitz au Passo, limepewa kilo 275. Humo wamo dereva, abiria na kila kitu mlichobeba. Ikiwa wewe una kilo 75 na mkeo ana kilo 65, zinabaki kilo 135 za mzigo. Hiyo ni mifuko miwili ya mbolea ya kilo 50, wa tatu umezidi. Au ni gunia moja la mahindi na debe moja juu yake. Au ni machungwa mia sita na kidogo.

Najua namba hiyo inauma. Hata mimi niliposikia mara ya kwanza nilidhani fundi anakosea.

Probox ya mzigo ina nafasi zaidi: kilo 400 za mzigo wakiwa watu wawili, kilo 250 wakiwa watano. Kirikuu, ile pikapu ndogo inayotuhangaikia mpaka vichochoroni, imepangiwa kilo 350, na nyingi bado zina stika ya Kijapani nyuma ya bodi yenye namba hiyo hiyo. Isome. Kwenye kadi ya gari pia tazama uzito wa gari tupu na uzito wa jumla. Toa mdogo kwenye mkubwa, tofauti ndiyo haki yako, watu na mzigo pamoja.

Mizani ya barabara kuu haitakusaidia, maana inapima magari ya zaidi ya tani 3.5. Mwenye gari dogo anapita bila kuulizwa, na ndiyo maana lazima ajipime mwenyewe nyumbani. Mzani wa kuning'iniza unatosha. Kikundi cha wakulima kinaweza kuchanga kikanunua mmoja ukakaa kwa katibu. Na lumbesa achana nayo kabisa: sheria ya vipimo haitaki gunia la mazao lizidi kilo 100, na ukishajaza kichwa juu ya gunia hujui tena umebeba nini.

Kizito kikae wapi

Ukishajua kilo, mahali pa kuziweka ni muhimu sawa na wingi wake. Ukirundika mzigo mwishoni kabisa mwa buti, nyuma ya ekseli, gari linafanya kama mizani ya dukani: mkia unashuka, pua inapanda. Matairi ya mbele ndiyo yanayokata kona na ndiyo yanayofanya kazi kubwa ya breki, na sasa yanaelea. Usukani unakuwa mwepesi mkononi. Dereva anafurahia wepesi huo, hajui kwamba ni dalili mbaya.

Kizito kianze chini, kisogee mbele mpaka kiegemee mgongo wa viti, na pande mbili zilingane. Vyepesi, kama matenga ya mboga, vikae juu. Mzigo usipite usawa wa mgongo wa kiti cha mbele. Juu ya keria weka vitu vyepesi peke yake, mikungu miwili ya ndizi au matenga matupu, maana kila kilo ya juu inalivuta gari kwenye kona.

Kabla ya kupakia, weka vidole vyako vimelala kati ya tairi la nyuma na ukingo wa bodi, uhesabu vinaingia vingapi. Rudia baada ya kupakia. Kama vilikuwa vinne na sasa hakiingii hata kimoja, springi zimefika mwisho wake. Shimo la kwanza utakalokutana nalo litapiga chuma kwa chuma. Shusha, hata kama mnunuzi anapiga simu.

Sasa kamba. Wengi wanasema gunia zito halihitaji kufungwa kwa sababu halisogei. Fikiria hivi: gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa likasimama ghafla kwa kugonga, gunia ambalo halijafungwa linaendelea mbele kwa kasi ileile, na kasi hiyo ni sawa na ya gunia lililodondoka kutoka kwenye mnazi wa mita kumi. Kwenye kilomita 80, mnazi wenyewe ni wa mita 25. Anayelisubiri ni wewe, na shingo yako. Mtoto aliyekalishwa juu ya magunia yuko pabaya zaidi kuliko gunia. Naomba sana hilo tuliache, hata kwa safari fupi ya shambani hadi barabarani. Kama nafasi ya mtoto imeliwa na mzigo, mzigo ndio uliozidi.

Inua zulia la buti, magari mengi yana pete za chuma sakafuni. Hapo ndipo pa kufungia. Kamba ya katani, fahari ya mkoa wetu, inashika fundo vizuri kuliko manila inayoteleza, ila ikae mahali pakavu, ikishalowa mara nyingi inaoza kwa ndani huku nje inaonekana nzima. Kwa kreti na matenga, wavu mkuukuu wa uvuvi kutoka Sahare ukifunikwa juu na kufungwa pembe nne unafanya kazi nzuri sana na bei yake ni ndogo. Vipande vya mpira wa baiskeli visiwe kifungo peke yake, maana vinavutika pale unapovihitaji. Na ikiwa viti vya nyuma vimesimama na hakuna aliyekaa, funga mikanda yake hivyohivyo. Inausaidia mgongo wa kiti kuhimili mzigo ulio nyuma yake.

Matairi na upepo

Ubavuni mwa kila tairi kuna namba kama 175/65R14 82. Ile ya mwisho, 82, ndiyo ya uzito: tairi hilo linabeba kilo 475. Namba 86 ni kilo 530, na 88 ni kilo 560. Probox ya mzigo huvaa matairi magumu yenye herufi LT. Mtu akiyatoa akaweka ya gari la abiria kwa sababu ni rahisi, gari limepoteza sehemu ya nguvu yake ingawa kwa nje halijabadilika. Pia tafuta tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: 3519 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata (meno) nzuri linaweza kuwa zee, na raba zee hupasuka likipata joto na mzigo.

Kilo hizo tairi linazibeba likiwa na upepo wake kamili. Likiwa na upungufu, ubavu unajikunja kila linapozunguka, unazalisha joto, na barabara ya Segera kwenda Tanga saa saba mchana ina joto lake tayari. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo: kuna kibandiko chenye upepo unaotakiwa, aghalabu kwa kilopaskali (kPa). Mafundi wetu wanapima kwa pauni, basi kumbuka 220 ni pauni 32 na 240 ni pauni 35. Magari mengine yana namba mbili, moja ya kawaida na nyingine ya mzigo. Pima asubuhi kabla hujaondoka, tairi likiwa baridi, na usisahau la akiba. Nimeshakaa na viazi vya watu kandokando ya barabara karibu na Mkanyageni saa tatu nzima, tairi la akiba likiwa laini kama embe.

Kuteremka kutoka Amani

Wenzetu wa Amani wana iliki, pilipili manga na mdalasini, mazao ya bei nzuri na uzito wa kiasi. Lakini wana mteremko. Amani iko mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari, na barabara inashuka kwa kona mfululizo hadi Kisiwani ndipo uje Muheza. Gari lililojaa, dereva akiwa amekanyaga breki muda wote, linafika kona za chini breki zikiwa zimechemka. Mguu unazama, gari haliitiki.

Tumia gia. Gia uliyopandia ndiyo ya kuteremkia. Mwenye otomatiki asibaki kwenye D: aweke 2, na pakali aweke L, aiache injini ilishike gari. Breki uikanyage kwa nguvu kwa muda mfupi, punguza mwendo, achia zipoe, kisha tena. Ukisikia harufu ya kuungua, egesha mahali tambarare usubiri nusu saa bila kumwagia maji magurudumu, kwa sababu chuma cha moto kikipigwa na maji ya baridi kinapinda au kupasuka. Mvua ikinyesha na udongo mwekundu ukalowa, subiri. Iliki haiozi kwa saa mbili.

Kwenye lami, acha nafasi. Chagua nguzo anayoipita aliye mbele yako, hesabu "mia na moja, mia na mbili" mpaka uifikie. Bila mzigo usiwe chini ya sekunde mbili, na ukiwa na mzigo fikisha nne. Usiku, kumbuka kwamba mkia ukishuka taa zinatazama juu na kumpofusha anayekuja. Magari mengi yana kitufe cha kuteremsha mwanga karibu na usukani.

Chungwa nalo lina uzito wa kuvumilia

Upande huu wa hesabu wakulima huusahau. Ngozi ya chungwa ina vifuko vidogo vya mafuta. Likichumwa na umande au baada ya mvua, ngozi inakuwa imejaa maji, na likibanwa vifuko vinapasuka, mafuta yanaunguza ngozi na kuacha mabaka. Palipochubuka ndipo ukungu wa kijani unapoingia. Viroba vilivyorundikwa mpaka dari kwenye gari lililofungwa vioo, jua kali, barabara ya vumbi: ya chini yanafika yamechubuka na ya katikati yana fukuto. Mnunuzi anayatupa pembeni, au anakata bei ya mzigo wote.

Chuma umande ukishakauka, kata kikonyo kifupi kisichome jirani, tumia kreti au matenga yanayopitisha hewa, fungua vioo kidogo. Viuatilifu visipande gari moja na chakula. Ikibidi uvibebe siku ya kurudi, viwe ndani ya ndoo yenye kifuniko, buti peke yake, na sakafu ioshwe kabla ya mzigo unaofuata.

Mzigo ukizidi kweli, kaeni majirani watano mkodi lori dogo moja, Kanta. Gharama mnagawana, na gari lako halijaumia springi wala shokapu.

Mzee wa Mkuzi siku ile alipeleka machungwa mia sita Tanga mjini, yaliyobaki akayaweka kivulini yakaondoka na gari la jirani kesho yake. Nilipopita tena kwake alinifungulia buti. Ndani ya mlango, kwa rangi nyeupe ya mafuta, kijana wake ameandika: WATU 2, KILO 130. Na pembeni, kwenye msumari wa ukuta wa banda, umening'inia mzani.