Kuunganisha simu na redio ya Toyota iliyotoka Japani bila kuing'oa

Fielder, Axio, Probox na Vitz nyingi zinazozunguka Kisumu, Kakamega na Nakuru bado zina redio ile ile ya kiwandani zilizoshuka nayo Mombasa. Redio hizo zilitengenezwa kwa FM ya Japani, megahezi 76 hadi 90, ilhali stesheni za Kenya zinatangaza kati ya 87.5 na 108. Mwenye gari akishika stesheni mbili tatu tu, anaona dawa ni kuitupa redio nzima. Mara nyingi hakuna haja. Amplifaya ya ndani ni nzima na spika ni nzima. Kinachokosekana ni njia ya kuingizia sauti ya simu, na kazi hiyo inafanywa na moduli ndogo ya Bluetooth.

Kabla ya kununua chochote, washa redio ubonyeze AUDIO. Ukiona BT Audio kwenye orodha, usinunue kitu: oanisha simu, kazi imekwisha. Ukiona AUX au VTR, yaani njia za kuingizia sauti kutoka nje, tafuta tundu la milimita 3.5 karibu na kiberiti cha gari, chini ya dashibodi, au ndani ya kisanduku cha kati. Kuna redio zinazoonyesha VTR kwenye skrini lakini waya wake haukuwahi kufungwa nyuma, kwa hiyo usiamini skrini mpaka ulione tundu lenyewe.

Usiguse betri kwanza

Hapa ndipo watu wengi huharibikiwa. Mafunzo karibu yote yanasema uanze kwa kufungua terminali hasi ya betri. Kwa redio ya kawaida ni ushauri mzuri. Kwa redio ya Japani yenye ramani kwenye kadi ya SD, umeme ukikatika redio inaamka ikidai kadi hiyo, na gari nyingi hufika kwa mnunuzi tundu la kadi likiwa tupu. Nyingine huandika ERC na kudai namba ya siri. Kuchomoa plagi nyuma ya redio kunaleta shida ile ile, maana ni umeme ule ule umekatwa.

Kwa hiyo fungua mlango wa skrini uangalie. Kadi ipo? Shida ya kadi haitakupata, ingawa ile ya ERC bado inaweza. Haipo na redio inafanya kazi? Basi usiichomoe redio wala usifungue betri. Chukua umeme wa moduli kwenye sanduku la fyuzi na upitishie sauti kwenye tundu la AUX. Njia inayoelezwa hapa haigusi nyuma ya redio hata kidogo.

Vifaa

Utahitaji moduli ya Bluetooth yenye maikrofoni ya waya, waya wa sauti wa milimita 3.5, kibadilishaji cha volti 12 kwenda 5 chenye uwezo wa ampea 3, kichopeko cha kuongeza fyuzi, yaani kile chenye vitundu viwili vya fyuzi na mkia wa waya, pamoja na fyuzi ya ampea 2. Ongeza waya mwekundu na mweusi mita mbili mbili, tepu ya kitambaa na mita ya umeme. Tepu ya plastiki ya kawaida iache dukani: kwa joto la Kisumu gundi yake inayeyuka, na baada ya miezi michache waya unaning'inia miguuni mwa dereva.

Kichopeko kinauzwa kwa saizi kadhaa. Chomoa fyuzi moja ya gari lako uende nayo dukani. Ukilazimisha miguu minene kwenye tundu jembamba, vibanio vya ndani vinapanuka, na fyuzi ya kawaida ikirudishwa haikazi tena.

Kufunga

Sanduku la fyuzi la ndani liko chini ya dashibodi upande wa dereva. Tafuta fyuzi iliyoandikwa ACC (umeme unaokuja ufunguo ukizungushwa hatua ya kwanza) au CIG (kiberiti cha gari). Weka mita kwenye volti 20 DC, ncha nyeusi kwenye chuma kitupu, nyekundu kwenye kitundu kilicho juu ya fyuzi. Ufunguo ukiwa umezimwa usome sifuri. Ukiwa kwenye ACC usome 12 na pointi. Ikisoma 12 hata ufunguo ukiwa mfukoni, hiyo siyo. Moduli itakula betri usiku kucha, na gari linaloegeshwa wiki nzima litakataa kuwaka.

Chomeka kichopeko, rudisha fyuzi ya zamani kwenye kitundu kilicho karibu na miguu, na ile ya ampea 2 kwenye kitundu cha juu. Mkia uende kwenye kibadilishaji. Kama kibadilishaji ni kile cha skrubu ya shaba, kiwashe bila mzigo na ukirekebishe hadi 5.0 au 5.1 kabla ya kuunganisha moduli. Vinavyouzwa mara nyingi vimewekwa juu zaidi, na moduli ya volti 5 ikipewa 9 inakufa papo hapo, bila hata moshi wa kukuonya.

Ethi, yaani waya mweusi wa hasi, ifunge kwenye bolti ya spana ya 10 iliyokaza chuma cha bodi, nyuma ya kifuniko cha pembeni mwa mguu wa dereva. Kwangua rangi chini ya bolti mpaka chuma king'ae. Ethi ya kubahatisha ndiyo mama wa kelele.

Maikrofoni ibandike juu ya kifuniko cha usukani, ikitazama mdomo wa dereva. Wengine huipandisha kwenye nguzo ya kioo cha mbele. Kama nguzo ina maandishi ya SRS AIRBAG, waya usipite mbele ya mfuko wa hewa uliofichwa ndani yake. Moduli yenyewe ifunge kwa tepu ya kitambaa na kamba ya plastiki mahali pasipopigwa na jua. Barabara za miwa za kule Muhoroni na Mumias zitakufichulia haraka kila kitu kilichoachwa kikicheza.

Chomeka waya wa sauti kutoka moduli hadi tundu la AUX, kisha oanisha simu; namba ikidaiwa jaribu 0000, kisha 1234. Weka sauti ya simu karibu asilimia 85 na uongeze au upunguze kwenye redio. Simu ikiwa chini, redio inakuza mvumo. Ikiwa juu kabisa, kwenye moduli za bei rahisi sauti inapasuka.

Sauti ikikataa

Upande mmoja ukiwa kimya, pengine tundu lako ni la VTR lenye sehemu nne za kugusa, nalo linataka plagi yenye pete nyeusi tatu, na mikia myekundu, myeupe na ya njano. Mpangilio wa rangi hautabiriki: hamisha mkia wa upande uliokufa kwenye ule wa njano. Muziki ukisikika lakini mwimbaji ametoweka katikati, ethi ya waya wa sauti haigusi.

Mlio mwembamba unaopanda kila ukikanyaga mafuta unatoka kwenye alteneta, jenereta inayochaji betri ya gari. Unaingia kwa sababu moduli ina ethi mbili, moja ya umeme na nyingine ya waya wa sauti, na kati yake kuna tofauti ndogo ya volti. Pima hivi: ipe moduli umeme wa power bank. Mlio ukinyamaza, chanzo ni hicho. Weka kitenganishi cha sauti cha milimita 3.5 kati ya moduli na AUX. Kile cha bei ya chini kabisa hupunguza besi; mwenye sikio la besi atumie kibadilishaji kilichotenganishwa, yaani kisichounganisha ethi ya kuingia na ya kutoka, kama B0505S, kwenye umeme wa moduli, mradi moduli haizidi miliampea 200 na haichaji simu kwenye waya huo.

Kama hakuna AUX kabisa, kuna kitransmita cha FM. Redio yako inaishia 90, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni 87.5 hadi 90 tu. Kama gari limefungwa kiongeza masafa kwenye antena, yaani kifaa kinachoshusha stesheni za juu ziingie kwenye redio, ongeza tofauti yake: kwa kiongeza cha megahezi 18, kitransmita kikirusha 104 utakisikia kwenye 86.

Moduli haitaleta ramani ya simu kwenye skrini. Anayetaka hilo abadilishe redio, na apime kwanza: redio nyingi za Toyota za Japani zina upana wa milimita 200, za kawaida 178, hivyo bila fremu ya milimita 11 kila upande itabaki mianya. Nunua plagi ya kugeuzia ya Toyota ya pini 10 na 6 badala ya kukata waya wa gari. Ukijikuta unaunganisha kwa mkono, kwa kawaida bluu yenye mstari wa njano ni umeme wa kudumu, kijivu ni ACC, kahawia ni ethi, lakini thibitisha kila mmoja kwa mita. Na hasi ya spika kamwe usiifunge kwenye bodi: amplifaya ya redio inaendesha waya zote mbili za spika, na ikigusana na chuma inaweza kuungua kabla hujafika mwisho wa wimbo wa kwanza.