Jinsi ya kusoma riwaya ya picha inayoumiza kichwa

Wengi wetu tunasoma maneno tu, macho yanaruka kiputo hadi kiputo (vile vibofu vya maneno ya wahusika), michoro inapita kama mapambo, alafu tukifika mwisho tunasema hii kitu haieleweki. Hizi riwaya za picha nzito, zile zinazobishana kuhusu muda, madaraka, uwepo wa Mungu na nini sijui, nusu ya hoja iko kwenye mchoro na haijaandikwa popote.

Raundi ya kwanza we soma tu mpaka mwisho hata kama umeachwa njiani, usigoogle, usiangalie uchambuzi wa mtu. Ukikwama weka alama songa mbele.

Raundi ya pili ndo kazi yenyewe. Kabla hujasoma neno lolote tazama ukurasa mzima, fremu (vile visanduku vya michoro) ziko ngapi, zinalingana au kuna moja imemeza nafasi yote? Watchmen, riwaya ya picha ya Alan Moore na Dave Gibbons, imejengwa juu ya fremu 9, tatu kwa tatu, kwa hiyo mpangilio ukivunjika ujue kuna jambo. Alafu sura yake ya 5 imepangwa kama kioo, ukurasa wa kwanza unajibiwa na wa mwisho, wa pili na wa pili kutoka mwisho, hivyo hivyo mpaka zinakutana katikati, na hakuna mhusika anayekwambia, inabidi ufunue mbele na nyuma mwenyewe. Mi naona hapo ndo utamu ulipo.

Mwandiko na rangi navyo vinaongea. Kwenye Asterios Polyp, riwaya ya picha ya David Mazzucchelli ya 2009, kila mhusika ana herufi zake na umbo lake la kiputo, na mtu na mkewe wakigombana kila mmoja anarudi kwenye rangi yake na mtindo wake wa kuchorwa, yani ugomvi unauona kabla hujausoma.

Usibugie kitabu kizima usiku mmoja. Watchmen ilitoka vipande 12 kati ya 1986 na 1987, wasomaji wa mwanzo walikuwa na wiki kadhaa za kutafuna kila kipande. Sura moja inatosha, andika pembeni namba za kurasa ambapo kitu fulani kinajirudia, saa, doa, uso wa mtu.

Na kama unasomea kwenye simu, zima ile ya kuonyesha fremu mojamoja, inaua mpangilio wote, bora tablet au karatasi. Uchambuzi wa watu soma mwisho kabisa, ukiwa tayari na ubishi wako.