Gia Ngumu: Vipimo vya Kufanya Kabla ya Kukubali Giaboksi Ishushwe

Mtu akiingia gereji na kusema "fundi, gia zinagoma", nina maswali matatu kabla sijashika spana. Zinagoma zote au moja tu? Zinagoma asubuhi peke yake, au hata injini ikishapata moto? Injini ikizimwa, zinaingia? Majibu yake yananionyesha pa kuanzia, na mara nyingi pa kuanzia si ndani ya giaboksi.

Nafanyia kazi Njombe, na gari ninazozishika zaidi ni Corolla 110, Hiace na Hilux. Inaniuma kuona mtu anauza magunia yake ya viazi anunue giaboksi ya mtumba, kumbe aliyokuwa nayo ilikuwa nzima. Giaboksi ya mtumba yenyewe huijui imetoka gari gani wala imebeba nini. Kwa hiyo nakuomba ufanye vipimo hivi mwenyewe, au usimame pembeni fundi wako akivifanya, kabla hujatoa ruhusa ya kushusha kitu chochote. Mfano wangu ni Corolla 110, lakini gari lolote la manyuo, yaani la kubadilisha gia kwa mkono, linapimwa hivyohivyo.

Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, zima injini. Kanyaga klachi hadi mwisho, pitisha gia zote taratibu, kuanzia ya kwanza mpaka ya tano, umalizie na rivasi. Gia moja ikikataa usiilazimishe. Gari likiwa limesimama, meno huweza kugongana ncha kwa ncha yasipishane. Achia klachi, kanyaga tena, au lisukume gari kidogo, ujaribu upya. Ukimaliza, washa injini urudie zoezi lilelile.

Gia zikiwa laini injini imezimwa, halafu zikawa ngumu injini inapounguruma, usiilaumu giaboksi. Klachi haiachii. Umekanyaga pedeli, lakini pleti, ile sahani ya klachi, bado inaburuzwa na injini na kuizungusha shafti ya giaboksi, sasa unalazimisha gia iingie kwenye kitu kinachozunguka. Zikiwa ngumu hata injini imezimwa, tazama kebo, bushi na mkono wa kuchagulia gia. Zikiwa ngumu asubuhi tu, tazama oili. Na ikiwa inayokwaruza ni moja, nyingine zote safi, hapo ndipo tunaanza kuishuku giaboksi yenyewe.

Rivasi ina kazi yake katika upimaji huu. Kwenye gari nyingi haina ringi ya kuilainisha (ile inayolinganisha mwendo wa gia kabla haijaingia) kama gia za kwenda mbele, kwa hiyo haifichi kitu. Injini ikiwa inanguruma, kanyaga klachi, hesabu moja mpaka tano bila haraka, ndipo uingize rivasi. Ndani ya muda huo shafti inatakiwa iwe imesimama. Ikikwaruza bado, klachi inaburuza.

Klachi isiyoachia

Anza na kitu kisichohitaji hata shilingi: zulia la chini. Kuna watu huweka mazulia mawili ya mpira, moja juu ya jingine, kwa ajili ya tope la masika. Yakisogea mbele yanakaa nyuma ya pedeli, na pedeli haifiki mwisho. Toa yote, jaribu gia tena.

Kama si zulia, fungua boneti. Kwenye Corolla 110 klachi inasukumwa na mafuta, yaleyale ya aina ya breki, na kikopo chake kidogo kiko nyuma ya injini upande wa dereva. Gari nyingine hutumia kikopo kimoja na breki. Mafuta mazima huwa meupe au ya manjano hafifu. Yakiwa meusi kama chai ya rangi, yamechoka na yamenyonya unyevu. Yakiwa yamepungua, yanavuja mahali, na kuongeza tu hakutakusaidia.

Pa kutafuta uvujaji ni pawili. Kwanza ingiza mkono ndani ya gari, juu ya pedeli ya klachi, pale fimbo inapoingia kwenye masta silinda, ile silinda ya juu inayosukuma mafuta. Pakiwa na majimaji, sili ya masta imekwisha. Pili, nenda kwenye silinda ya chini iliyofungwa kwenye giaboksi, bandua mpira wake wa vumbi uangalie ndani. Pakavu ni pazuri. Mafuta yakidondoka, umeupata ugonjwa.

Kipimo kingine: pampu pedeli harakaharaka mara kadhaa, ishikilie chini, ingiza gia. Zikilainika ghafla, kuna upepo kwenye mfumo au sili hazishiki tena.

Alikuja kwangu mwalimu mmoja wa sekondari akiwa ameshaambiwa kwingine kwamba giaboksi imekufa.

"Fundi, wamesema inunuliwe nyingine. Nimeshaanza kutafuta hela."

"Mwalimu, subiri kwanza. Zima gari, pitisha gia zote."

Zikaingia zote bila shida. Akawasha, rivasi ikalia. Nikabandua mpira wa silinda ya chini, mafuta yakamwagika kiganjani. Tukabadilisha mipira ya silinda, tukamwaga mafuta ya zamani, tukatoa upepo, akaondoka na giaboksi yake ileile. Mipira ile bei yake huwezi kuiweka pamoja na bei ya giaboksi.

Kutoa upepo kunahitaji watu wawili. Jaza kikopo mafuta mapya, DOT 3 au kile kifuniko chake kinachotaka. Chomeka mpira mwembamba kwenye nipeli (kiskurubu cha kutolea upepo) ya silinda ya chini, ncha ya pili izame ndani ya chupa yenye mafuta kidogo ya breki. Mwenzako apampu mara tatu nne kisha ashikilie chini. Wewe fungua nipeli, acha mafuta na mapovu yatoke, funga, ndipo umwambie aachie. Akiachia kabla hujafunga, mfumo unavuta upepo upya. Rudieni mpaka yatoke mafuta safi yasiyo na povu hata moja, na kila baada ya muda angalia kikopo cha juu kisikauke. Yakidondokea kwenye rangi ya gari mwagia maji hapohapo, yanababua. Na tafadhali, usiongeze oili ya injini wala hydroliki kwenye kikopo hicho hata kama uko porini. Mipira yote itavimba, na kama kikopo ni kimoja na cha breki, umeharibu na breki.

Mfumo ukiwa mzima na bado klachi inaburuza, ndipo tunazungumzia pleti, presha pleti inayoibana, na rilisi, beringi inayoisukuma presha pleti ili klachi iachie. Kwenye gari za kusukuma nyuma kama Hiace, kuna pia ile beringi ndogo ya katikati ya flaiwili. Ikikwama, inaizungusha shafti ya giaboksi hata klachi ikiwa imeachia vizuri.

Kebo na bushi

Corolla 110 ina kebo mbili kutoka kwenye mkono wa gia hadi kwenye giaboksi. Ncha zake zina bushi za plastiki, na bushi zikilika mkono unachezacheza na gia huipati sawasawa: unatafuta ya tatu unajikuta ya tano. Chomoa ncha ya kebo kwenye giaboksi, kisha sogeza mkono wa giaboksi wenyewe kwa vidole. Ukienda laini, kebo ndiyo nzito. Ukiwa mgumu, angalia pale shafti ya kuchagulia gia inapotokea. Tope likiingia chini ya mpira wake linashika kutu. Safisha, pulizia mafuta ya kulainisha, usogeze huku na huku mpaka ulegee. Hiace za zamani zenye gia kwenye usukani zina viungo vingi zaidi huko chini, na kila kiungo kikilika kidogo, juu dereva anaona giaboksi imekwisha.

Kagua na maunting za injini, ile mipira inayoishikilia kwenye bodi. Ikipasuka moja, injini inainama unapokanyaga mafuta, na gia huweza hata kutoka yenyewe.

Oili

Hapa ndipo watu wanapoharibu giaboksi nzima kwa mikono yao. Kuna dawa ya mtaani ya kuweka oili nzito, 140, ili giaboksi inayolia inyamaze. Kweli kelele inapungua. Lakini hapa kwetu mwezi wa sita na wa saba asubuhi ni baridi kali, na oili hiyo inakuwa nzito mno, ringi haziwezi kuisukuma pembeni na kushika. Gia ya pili inakataa mpaka umekwenda kilomita kadhaa. Kelele ile ilikuwa ya beringi, na beringi bado inakufa humohumo kimyakimya.

Soma dumu. Kwa Corolla tafuta 75W-90. Namba iliyo mbele ya W ndiyo inayoeleza tabia ya oili kwenye baridi, na ikiwa ndogo gia zinaingia kwa urahisi asubuhi. Angalia pia daraja la oili, GL-4 au GL-5. GL-5 ina dawa nyingi zaidi za kulinda meno yanayobanana, kazi yake hasa ni difu, yale meno ya kwenye ekseli. Ringi nyingi za giaboksi ni za shaba, na baadhi ya GL-5 huzila shaba hizo au huzifanya ziteleze zishindwe kushika. Kitabu cha gari kikiruhusu zote mbili, mimi huchagua GL-4. Honda wana oili yao nyepesi ya giaboksi za manyuo, usiwawekee 90. Na zipo giaboksi za manyuo zinazotaka ATF, oili ya giaboksi za otomatiki, kwa hiyo soma kitabu kabla ya kununua.

Unapobadilisha, endesha gari kwanza ili oili ipate joto la wastani. Nyanyua, weka stendi imara, usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki tu. Fungua nati ya kujazia kwanza, ile ya ubavuni, ndipo ya kumwagia. Ukishamwaga halafu ya kujazia ikagoma kufunguka, gari haliondoki hapo. Tazama sumaku ya nati ya chini. Uji wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vya chuma, au oili yenye vumbi linalong'aa rangi ya dhahabu, maana yake meno au ringi zinaliwa. Jaza gari likiwa limelala sawa mpaka oili ianze kuchungulia kwenye tundu la ubavuni. Corolla hii inakula karibu lita 2.

Ikiwa ni giaboksi kweli

Gia ya pili inakwaruza ukitoka ya tatu, nyingine zote nzuri, klachi umeipima, oili ni sahihi. Jaribu hivi: kanyaga klachi, toa gia iwe fri, achia klachi, gusa mafuta kidogo, kanyaga tena, ingiza ya pili. Ikiingia bila kelele, ringi ya gia hiyo imekwisha. Kwa mtindo huo unaweza kuendesha hadi upate pesa, ilimradi usiulazimishe mkono. Kila mkwaruzo unakula meno ya gia yenyewe, na gia ni ghali kuliko ringi. Gia ikianza kutoka yenyewe mlimani, maunting zikiwa nzima, usisubiri zaidi, huko ndani uma unaosukuma gia au meno yamelika.

Siku ya kuishusha, fanya kazi yote kwa mara moja. Kagua klachi pleti, presha pleti na rilisi, badilisha sili ya nyuma ya krenki kama ina unyevu, na kama ni Hiace weka ile beringi ndogo ya flaiwili. Mwambie fundi akukabidhi ringi za zamani mkononi, uzilinganishe na mpya, uone kwa macho yako mistari ya ndani ilivyolika.