Jinsi ya kujiandaa jina la ugonjwa likibadilika

Mwanzoni daktari aliandika kwamba nina sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha. Baadaye ikawa bipola aina ya pili, yaani ugonjwa wa hali ya moyo kupanda kwenye msisimko na kushuka kwenye sonona, na sasa faili langu linasema aina ya kwanza. Ni kawaida, kwa sababu wengi wetu humwendea daktari tukiwa chini kabisa. Siku za msisimko hatuendi, maana tunajiona wazima.

Basi mpelekee daktari zile siku asizoziona. Kila jioni mimi huandika kwenye daftari nililala na kuamka saa ngapi, hali ya moyo, dawa, na pesa nilizotumia. Usingizi ndio wa kuangaliwa kuliko vyote. Ukilala kwa saa tatu tu, ukaamka bila uchovu huku mawazo yanakimbia, andika, hasa kama unajisikia vizuri mno. Siku hizo zina uzito: msisimko wa siku 4 mfululizo unaweza kuwa haipomania (msisimko wa kiasi), lakini ukifika wiki nzima na kuvuruga sana maisha yako, au ukikulaza hospitali, hiyo ni mania (msisimko mkali). Mania moja inatosha kukuhamishia aina ya kwanza.

Nenda na mtu anayeishi nawe. Dada yangu ndiye aliyemweleza daktari kwamba nilikuwa naongea bila kumpa mtu nafasi.

Jina likibadilika, uliza dawa ipi inabaki na ipi inaondoka, kwani dawa za sonona zikitumika peke yake zinaweza kuamsha mania. Uliza pia kama tezi ya thairoidi, ile ya shingoni inayoweza kugeuza hali ya moyo, imepimwa. Na lithiamu, dawa ya kutuliza hali ya moyo, usiiache ghafla. Hupunguzwa polepole, daktari akisimamia.