Video inayoangusha Windows ukifungua folda yake: ifute kwa amri

Kuna video, hasa AVI na MP4 ambazo upakuaji wake ulikatika, ukifungua tu folda yake dirisha linaganda au linajifunga. Hata hujaigusa. Explorer, programu ya Windows inayoonesha folda na faili, hujaribu kusoma ndani ya faili ili ikuoneshe kijipicha na urefu wa video, na ikikuta data mbovu inaweza kuanguka. Usishindane nayo kwa kubofya haraka haraka. Pita njia isiyosoma video kabisa.

Bonyeza Windows + R, andika cmd, kisha Enter; litafunguka dirisha la kuandikia amri. Nenda kwenye folda, mfano:

cd /d D:\Video

Halafu:

del "harusi ya dada.avi"

Jina likiwa na nafasi, alama za kunukuu ni lazima. Likiwa refu la ajabu, andika herufi za mwanzo ubonyeze Tab, litajimalizia. Soma vizuri kabla ya Enter, maana del haipitishi kitu Recycle Bin.

Ukiambiwa faili linatumika na programu nyingine, mara nyingi ni Explorer yenyewe imeling'ang'ania. Acha cmd wazi, bonyeza Ctrl + Shift + Esc kufungua Task Manager, nenda Details, bofya kulia explorer.exe uchague End task. Upau wa chini na ikoni zitatoweka, usishtuke. Futa faili, kisha andika start explorer kwenye cmd.

Kama video bado unaitaka, tumia move badala ya del kuipeleka folda nyingine, kisha ijaribu kwa VLC, programu ya kuchezea video ambayo huvumilia AVI mbovu.