Mgombea huru wa udiwani Kenya: jinsi ya kujibu wapigakura

Swali la kwanza barazani huwa: "Huna chama, utafanya nini peke yako?" Usilikwepe. Eleza kuwa bunge la kaunti huamua hoja kwa kura, na kura ya diwani huru ni moja kama ya mwenzake. Kisha taja hoja utakayoanza nayo.

"Ukishinda si utahamia chama?" Hapa njoo na Katiba ya 2010 mkononi, uwasomee kifungu cha 194: aliyechaguliwa akiwa huru, akijiunga na chama, kiti kinamtoka.

Wengi hujikwaa kwa kuahidi shule ya sekondari au askari zaidi. Hizo ni kazi za serikali ya kitaifa. Kaunti ina chekechea, zahanati, masoko na barabara za kaunti. Mtu akilalamikia barabara, muulize inaanzia wapi na kuishia wapi, uandike mbele yake.

"Umetuletea nini?" Jibu fupi: anayetoa hongo na anayepokea wote wana kesi.

"Nitakutambuaje?" Inua bango lenye picha na alama yako iliyoidhinishwa na tume ya uchaguzi, IEBC, kubwa kiasi cha kuonwa na nyanya aliyeketi nyuma kabisa.